Gari Moja la Doria, Ving'ora Mia

Hotuba kwa mkutano wa wakaazi, kampuni za ulinzi na maafisa wa polisi, Nairobi

Mkuu wa kituo cha polisi, OCS wetu, na maafisa mlioandamana naye, mwenyekiti wa chama cha wakaazi, wenzangu wa kampuni za ulinzi, masoja mliotoka zamu mkaja moja kwa moja bila kupitia nyumbani, mabibi na mabwana, hamjambo. Itifaki iliyobaki naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa.

Nina jambo moja jioni ya leo. Polisi wasiitwe kwa sababu king'ora kimelia. Waitwe kwa sababu kuna mtu aliyehakikisha kwamba kuna tatizo. Tangu king'ora kilie hadi dereva wa polisi atie ufunguo kwenye gari kuna dakika chache, na hizo dakika ni zetu sisi wa kampuni. Tunazipoteza.

Mimi ni msimamizi wa zamu katika chumba cha udhibiti cha kampuni ya ulinzi. Tunakaa mbele ya skrini tukipokea ishara kutoka majumbani, madukani na kwenye magodauni, usiku na mchana. Aliyekaa pale wiki moja tu anajua jambo ambalo wateja wengi hawajaambiwa waziwazi: ishara nyingi mno zinazoingia hazina mwizi. Si hapa kwetu peke yake. Marekani, ambako wamezihesabu kwa miaka mingi, polisi wa miji mingi wamekuta kwamba zaidi ya ving'ora 90 katika kila 100 walivyoviendea vilikuwa vya uongo. Ukimwambia hivyo mtu aliyetoka kulipia mtambo wa king'ora, uso unamshuka. Lakini ni haki yake ajue anacholipia.

Wengi mnadhani king'ora cha uongo kinatokana na mtambo mbovu. Mara nyingi mtambo ni mzima, unafanya hasa ulichoamriwa. Baba anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi jemu ya Waiyaki Way, anawasha mtambo kwa mazoea, anasahau kwamba kuna watu wamelala. Dada wa nyumbani anaamka kuchemsha chai ya watoto. Hatua tatu sebuleni, king'ora kinalia. Hajui nambari ya siri. Hajawahi hata kuonyeshwa kibao cha namba kinavyobonyezwa. Anachokijua ni kutoka nje na kumwita soja, na soja naye hana nambari.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Katika nyumba nyingi za Nairobi, anayefungua na kufunga milango kuliko mtu yeyote ndiye asiyepewa nambari. Sababu inajulikana: haaminiki. Anaaminika kubeba mtoto mchanga siku nzima, lakini tarakimu nne haaminiki nazo. Mitambo mingi ya leo inakubali kila mtu awe na nambari yake mwenyewe. Siku anapoacha kazi, nambari yake inafutwa na za wengine zinabaki. Tena kumbukumbu za mtambo zinaonyesha nani alizima saa ngapi, kwa hiyo kumpa nambari yake kunakulinda wewe na kunamlinda yeye asisingiziwe. Mwenye nyumba, kesho jioni kaa na huyo dada, umwonyeshe kuwasha, kuzima, na maneno ya kusema chumba cha udhibiti kikipiga simu.

Kisha kuna muda wa kuingia. Marekani wana kiwango cha mitambo kinachotaka mtu anayeingia apewe angalau sekunde 30 za kuzima, na anayetoka angalau 45. Sasa angalieni nyumba zetu zilivyojengwa. Ukifungua mlango mkubwa hujafika: kibao cha namba mara nyingi kimewekwa ndani zaidi, nyuma ya grili ya vyumba vya kulala, na grili ina kufuli, na kufuli ina ufunguo ulio chini kabisa ya mkoba. Fundi aliyepanga sekunde 15 kwa nyumba ya namna hiyo amepanga king'ora cha kila Jumamosi usiku. Kurekebisha ni kazi ya dakika tano, na hakuna mteja anayepaswa kutozwa hata shilingi.

Kuna pia sababu za vifaa. Kitambuzi cha ukutani, kile kifaa kidogo kinacholiza king'ora, hakioni mtu. Kinahisi joto linalosogea kutoka sehemu moja ya chumba hadi nyingine. Mjusi kafiri akipita juu ya kioo chake, au buibui akitanda pale, kwa kitambuzi huyo ni mkubwa kama mtu, kwa sababu yuko karibu mno. Kiko kitambuzi cha teknolojia mbili, kinachohisi joto na pia mwendo kwa mawimbi ya redio, na hakitoi ishara mpaka vyote viwili vikubaliane. Bei yake iko juu kidogo. Kwa godauni la Industrial Area lenye paa la mabati linalopata joto mchana na kupoa usiku, na njiwa walioingia kwa upenyo wa juu, sioni sababu ya kuweka kingine chochote.

Ua wa umeme ni habari nyingine, hasa huku Karen na Lavington kwenye miti. Mashine yake husukuma mpigo wa volti elfu kadhaa karibu kila sekunde na kupima unaorudi. Tawi likilowa na kugusa waya, volti zinashuka, mashine inasema ua umekatwa. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba hazijawahi kutushtua kwa kuja, tunajua zinakuja. Mwenye bougainvillea iliyopanda juu ya waya aikate Februari, aikate tena Septemba.

Na betri. Ndani ya sanduku la mtambo kuna betri ndogo ya volti 12 ambayo kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano. Stima ikipotea, ndiyo inayobeba mtambo. Agosti 25, 2023, nchi karibu yote ilipoingia gizani usiku mmoja, kila betri iliyochoka ilijulikana. Mtambo ambao betri yake imekufa unaweza kulia stima inaporudi, au usilie kabisa mwizi akiwa ndani. Hilo la pili ndilo baya zaidi, na hakuna anayelilalamikia kwa sababu halipigi kelele.

Sasa nije kwa polisi. Niliomba OCS awepo kwa sababu haya hayasemwi bila yeye.

Kituo cha polisi hakina magari ya kuchezea. Wakaazi wa Lavington wanapakana na Kawangware. Muthaiga na Mathare zimetenganishwa na Thika Road tu. Upande mmoja kuna vitambuzi, kamera na kitufe cha dharura kando ya kitanda. Upande wa pili mama akivamiwa ana sauti yake na majirani, na simu ya 999 au 112 kama ina chaji. Gari la doria linapotumwa kwenye nyumba ambayo mjusi ameliza king'ora, kuna mahali pengine ambapo halipo. Mwenye mtambo haoni gharama hiyo kwa sababu hailipi yeye. Inalipwa na mtu ambaye hana mtambo na hatakuwa nao. Mimi nafanya kazi kwenye biashara hii, na nasema bila kusita kwamba si haki tuuze ulinzi kwa mtu mmoja kwa kumnyima mwingine ulinzi wa serikali ambao ni wa wote.

Jambo la pili kuhusu polisi ni kuchoka. Afisa aliyekwenda nyumba ileile mara nne akakuta soja anatabasamu getini, mara ya tano hatakimbia. Ni binadamu. Mara ya tano ndiyo inayoweza kuwa ya kweli.

Na wezi wanalijua hili. Wenzangu wa doria mtanithibitishia: wapo wanaotikisa ua au mlango wa nyuma usiku wa kwanza, wakajificha kando na kutazama. Gari la kampuni linafika, linapiga honi, soja anasema hakuna kitu, anatia sahihi kitabuni, gari linaondoka. Usiku wa pili vilevile. Usiku wa tatu mwenye nyumba, ambaye hajalala vizuri na majirani wamemnunia, anazima mtambo. Wanaingia usiku wa nne kwa raha zao.

Ndiyo maana napinga tabia ya kuandika "king'ora cha uongo" kwa ishara ambayo hakuna aliyekwenda kuichunguza. Kusimama getini na kupiga honi si kuchunguza. Kuchunguza ni kuzunguka nyumba yote kwa tochi, kushika kila dirisha, kutazama nyayo kwenye maua, kuangalia waya wa ua upande usioonekana kutoka barabarani. Kikosi cha kampuni ambacho hakikuzunguka kiandike "hakikuchunguzwa". Tukianza na ukweli huo mdogo vitabuni mwetu, takwimu tutakazompelekea OCS zitakuwa na maana.

Miji mingine imefanya nini? Salt Lake City, Marekani, mwishoni mwa mwaka 2000 ilipitisha sheria kwamba polisi hawaendi kwenye king'ora cha wizi mpaka askari wa kampuni afike kwanza na kuthibitisha. Safari za polisi kwa ving'ora zilipungua kwa takriban asilimia 90. Kuna mahali pengine wanaotaka kampuni ipige simu mbili kwa watu wawili tofauti kabla ya kuita polisi. Uingereza wana utaratibu wa kusajili: mtambo uliowekwa na kampuni iliyoidhinishwa unapewa nambari yake maalum kwa polisi, na ukileta ving'ora vitatu vya uongo ndani ya miezi 12, polisi wanaacha kuuitikia mpaka urekebishwe. Na huko ishara moja haitoshi. Vitambuzi viwili tofauti viguswe kwa kufuatana, au picha ionyeshe mtu.

Kuna anayeniambia, chukua ya Salt Lake City, ilete Nairobi, kazi imekwisha. Sikubali. Askari wa kampuni zetu ana rungu, tochi na redio. Ukimwambia yeye ndiye athibitishe kwamba ndani kuna mwizi, na huku Nairobi mwizi huenda ana bastola, umemtuma kijana wa watu kufa kwa mshahara ambao sote hapa tunajua ni mdogo. Yamekuwako magari ya kampuni yanayotembea na polisi wenye silaha, na mpango huo una faida yake, lakini unarudisha tatizo lilelile kwa mlango wa nyuma: afisa wa umma anazunguka usiku kucha akifuata mijusi ya wateja wetu. Kwetu kuthibitisha lazima kuanzie kwenye simu na kwenye mtambo, kabla ya kufika kwenye mwili wa mtu.

Basi napendekeza hivi, na nitaomba OCS na wenzangu wa kampuni tukubaliane kwa miezi mitatu ya majaribio katika eneo la kituo hiki.

Chumba cha udhibiti kikipokea ishara ya kitambuzi kimoja, kipige simu kwenye nyumba, kisha kwa mtu wa pili aliyeandikishwa, huku gari la kampuni liko njiani. Polisi waitwe pale ambapo kitambuzi cha pili kimeguswa, au kamera imeonyesha mtu, au aliyejibu simu ameshindwa kutaja neno la siri, au kikosi kimekuta dalili ya kuvunja. Kikosi kikiona dalili hiyo kisiingie ndani. Kisimame mbali, kizime taa, kisubiri wenye bunduki.

Kitufe cha dharura kisiguswe na utaratibu huu. Mtu akikibonyeza, polisi wanaitwa hapohapo, bila simu mbili, bila maswali. Vivyo hivyo nambari ya kutishwa, ile ambayo mtu aliyeshikiwa kisu anaibonyeza mtambo ukajifanya umezimika huku ukitutumia ishara kimyakimya. Kwa sababu hiyohiyo, wale wanaobonyeza kitufe cha dharura kupima kama tutakuja, nawasihi waache. Tupigieni simu kwanza, mtambo uwekwe kwenye majaribio, halafu bonyezeni mnavyotaka.

Simu mbili hazina faida kama namba ni za zamani. Rekodi tulizo nazo zimejaa namba za watu waliohama, mashemeji walio ng'ambo, meneja aliyeacha kazi. Watu wawili wa kila nyumba wawe Nairobi, wawe na funguo, na wapokee simu usiku. Kwa kuwa tutaweka majina na namba za watu, na pengine picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatubana, na itubane. Namba hizo ni za dharura tu. Afisa mauzo wetu asizione.

Tunapompigia OCS, tumpe habari inayofanya kazi. Siku hizi tunasema "king'ora kimelia kwa mteja wetu, geti jeusi, karibu na ile shule". Katika barabara moja kuna mageti meusi kumi na mawili. Tuseme nambari ya ploti, geti liko upande gani, kitambuzi gani kimeguswa na cha pili ni kipi, nani ana funguo na yuko wapi, gari letu ni nambari gani na askari wamevaa sare ya rangi gani. Hili la sare si dogo. Polisi anayefika gizani akamkuta kijana amesimama kando ya dirisha lililovunjwa anahitaji kujua haraka huyo ni nani.

Polisi nao waturudishie majibu. Leo gari linakwenda, linarudi, tukio linaandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na sisi hatujui mlikuta nini. Kila Ijumaa kampuni itume orodha ya ishara ilizoitia polisi, na kituo kiandike pembeni kilichokutwa. Karatasi moja. Baada ya mwezi mtaona kwamba kero nyingi zinatoka kwenye anwani chache zilezile. Hapo fundi anatumwa, na kampuni ambayo haikumtuma ndani ya siku saba itajwe kwa jina kwenye mkutano kama huu, sisi tukiwemo.

Nimeulizwa kuhusu faini. Mimi singeanza nazo. Sheria ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 imetupa mamlaka inayosajili kampuni na walinzi, na hapo ndipo pa kumbana aliyeweka mtambo vibaya. Ukianza kumtoza mwenye nyumba, ataogopa kuwasha mtambo, na fedha hiyo haitamfikia mama wa Kawangware. Lakini nyumba iliyoonywa, ikapelekewa fundi, ikaendelea kutusumbua kwa kupuuza tu, ningekubali ishara zake za vitambuzi zisiitiwe polisi mpaka irekebishwe. Kitufe chake cha dharura kibaki wazi.

Kwa wenzangu wa kampuni nina neno gumu. Tuache kuuza "polisi watafika" kana kwamba polisi ni mali yetu. Limeandikwa kwenye vijikaratasi, linasemwa na maajenti, na ndilo linalomfanya mteja akasirike tunapompigia simu badala ya kutuma bunduki. Tumwambie tangu siku ya kutia sahihi: utapigiwa, utaulizwa neno la siri, na ukijibu haraka hakuna atakayepoteza usiku wake. Tena magari yetu yapishane kidogo kwa akili. Barabara moja ya Kileleshwa ina mabango ya kampuni nne, na gari la kampuni hii linapita king'ora cha kampuni ile bila kupunguza mwendo. Aliye karibu zaidi asimame aangalie kutoka nje, atoe habari kwa redio. Hatutaibiana wateja kwa hilo.

Majirani, nanyi mna nafasi yenu. Mmezoea kufunga dirisha king'ora kikilia, na sishangai, kwa kelele mlizovumilia. Kundi la Nyumba Kumi lina namba za simu za watu wote wa barabara. Mtu mmoja akichungulia ukutani kwake na kutuambia "naona taa ya jikoni imewaka na gari la mwenyewe halipo", ametupa kitu ambacho hakuna kitambuzi kingetupa. Asitoke nje. Achungulie tu na kupiga simu.

Fomu za watu wawili wa kupigiwa ziko kwenye meza pale mlangoni, na mafundi watatu wa kampuni tofauti wamekubali kubaki hapa hadi saa mbili kujibu maswali ya betri na vitambuzi. Ratiba ya karatasi ya Ijumaa ningependa tuipange sasa, kabla watu hawajatawanyika. OCS, tafadhali, ni afisa gani kituoni atakayeipokea?